Kuitika

Msimu wa Februari, Hombolo.
Kreti za zabibu zimepangwa hadi mlangoni kwa mhasibu,
nyuki wamelewa, nami nimekaa juu ya kreti tupu,
kompyuta mapajani, feni yake inameza vumbi.
Ushirika umenipa namba moja ya simu
na wakulima mia tatu na kumi na mmoja.
Tumeni neno moja tu, niliwaambia mkutanoni.
Uzito. Bei. Deni. Salio.
Neno lifike, kitu kiitike.

Mwanzo niliandika kama mgeni anayeuliza njia:
kama ni uzito, nenda kwenye uzito,
la, kama ni bei, nenda kwenye bei,
la, kama ni deni,
la, la, la,
hadi ukurasa ukachimbika kama korongo,
kila mvua ikileta swali jipya la kulipanua.

Usiku mmoja umeme ukakatika, ukarudi saa nane,
na mwanga uliporudi nikauona ujinga wangu.
Niulize ya nini?
Neno analotuma mkulima ni jina.
Kitendo nilichokiandika kina jina.
Herufi tano kwa herufi tano, u kwa u, z kwa z.
Basi chukua neno, kikabidhi kitu, kiambie:
aliyemo ndani yako mwenye jina hili, aitike.
Mstari mmoja! Nikatupa maswali arobaini,
nikacheka peke yangu, mbwa wa mlinzi akanibwekea.

Wiki mbili nilitembea kifua mbele.

Elieza Chidawali, mwenye shamba ng'ambo ya bwawa,
alipima kilo arobaini, zikaandikwa mia nne.
Mtu mwaminifu. Kilichozidi hakukitaka.
Hakumsumbua mtu; alishika simu, akaandika
futa.

Na humo ndani alikuwemo mwenye jina hilo.
Nilimweka mwenyewe, siku za majaribio,
awe ananisafishia daftari lote nianze upya.
Mimi nilimsahau. Yeye hakusahau jina lake.
Akaitika kama mtoto mwenye adabu,
mara moja, bila kuuliza anaitwa na nani,
na msimu mzima ukawa sifuri.

Asubuhi mizani ilisimama.
Nyemo wa mapokezi akaweka mezani
kitabu chake cha kalamu ya risasi,
alichokuwa akikijaza pembeni bila kuniambia,
kwa sababu, alisema, "mashine yako huitikia haraka mno."
Siku tatu tukajaza upya, jina kwa jina,
vidole vikinata sukari.

Sasa nina orodha fupi, nimeiweka mlangoni.
Upande huu neno wanaloandika,
upande ule anayeruhusiwa kutoka.
Uzito, uzto, usito, kilo ngapi: wote kwa uzito.
Futa nayo imo, lakini siku hizi inaniita mimi,
nami napiga simu, nauliza: tufute nini, mzee?
Neno lisilokuwemo linarudishwa.

Ila jana, saa kumi na moja alfajiri,
lilifika neno lisilokuwemo
na halikuwa kosa la tahajia:
mbukwenyi.
Namba ya mama mmoja wa Zepisa. Hadai, hadaiwi.
Zabibu zake zilikwisha kulipwa tangu juzi.
Programu ikamjibu: Neno halijulikani.
Nililisoma jibu hilo, langu, kwa sauti yangu,
nikaona haya.

Nimeongeza mstari. Upande huu, mbukwenyi.
Upande wa pili kishale kinapepesa mahali patupu,
na nje wameanza kushusha kreti za kwanza.
"Nyemo," nikasema, "salamu ikija, atoke nani?"
Alikuwa anachonga kalamu. Hakuinua kichwa.
"Kwani wewe," akasema, "unaitwa nani?"